Swichi Kubwa Chumbani kwa Mama Mkwe

Nimetengeneza redio maisha yangu yote, kwenye baraza ya duka moja pale Nyeri mjini, na nitakuambia kitu kimoja: umeme hauna adabu lakini hausemi uongo. Ukiuuliza swali sawasawa, unakujibu. Binadamu ndiye utamwuliza kwa upole, utamwuliza kwa ukali, utamwuliza ukikaribia kulia, na bado atakuambia kila kitu kiko sawa. Hayo niliyaona Jumapili moja ya mwezi wa saba, miaka ya sabini, nyumbani kwa mama mkwe wangu juu ya Kianyaga. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanipanda.

Habari ilikuja Jumamosi jioni: umeme umekatika kwa mama, na vifaranga wanakufa. Mke wangu hakulala vizuri. Mama yake alikuwa mjane, na magoti yalikuwa yamemchosha kiasi kwamba hangeweza tena kukata majani na kuyabeba. Kwa hiyo alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho akanunua vifaranga wa siku moja, wale wa manjano wanaoletwa kwenye katoni zenye matundu. Mtoto wake wa kwanza, kaka wa mke wangu, ambaye alikuwa na duka Sagana, alimcheka. Akasema mama amecheza kamari, na vifaranga wakifa, hakuna mjadala: nyumba itafungwa, mama atahamia Sagana kwake, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Mama alisema afadhali azikwe. Basi hapo unaona. Hao vifaranga hawakuwa kitoweo. Walikuwa ndio ruhusa yake ya kubaki kwake.

Sasa nikueleze kuhusu ile nyumba, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilitaka kupiga kichwa ukutani. Ilikuwa nyumba ya mbao, nzuri, aliyoijenga marehemu baba mkwe. Waya za umeme zilipopita kwenda kiwanda cha kahawa, yeye peke yake kwenye mgongo ule wa kilima ndiye aliyekubali kuingiziwa. Na alipoingiziwa, alimwambia fundi aweke swichi kubwa, lile sanduku la fyuzi linalotawala nyumba yote, chumbani kwake cha kulala, juu ya kichwa cha kitanda. Si sebuleni. Si barazani. Chumbani! Alisema umeme ni kama ghala, na funguo ya ghala hukaa na mwenyewe. Kila jioni taarifa ya habari ikiisha kwenye redio, mzee aliingia chumbani, na puu, nyumba yote giza. Mgeni akiwa bado anatafuna, shauri yake.

Mzee alipokufa, mama alirithi swichi. Hakuwahi kuigusa kwa mkono. Aliiwasha na kuizima kwa mwiko wa ugali, akisimama mbali kama mtu anayemchokoza nyoka.

Tulifika asubuhi, mvua ya manyunyu ikitunyea, baridi ile ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Mama alitupokea mlangoni. Alikuwa mdogo, amefunga kitambaa kichwani, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Alinisalimia kwa mbali kidogo, kama inavyopasa. "Umefika, mkwe." Nikajibu, "Nimefika, mama." Vifaranga walikuwa stoo, ndani ya boksi kubwa la mbao, na kilio chao ulikisikia tangu langoni. Wameketi wamepandana, wale wa chini wanakanyagwa. Balbu ilikuwa inaning'inia juu yao, baridi. Mama alikuwa amewawekea jiko la makaa, lakini mlango ukifungwa moshi unawaua, ukifunguliwa baridi inawaua. Kwenye karai kando ya mlango kulikuwa na waliokwisha kufa, amewafunika na gazeti.

Mke wangu alivua koti akaanza kuwapeperushia hewa ya jiko. Mimi nikafungua mfuko wangu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilitoa balbu, nikaiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha: nzima. Nikafungua plagi, fyuzi yake nzima. Nikafungua soketi ya stoo: skrubu zimekaza, waya mwekundu mahali pake, mweusi mahali pake. Nikachukua testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, nikachomeka tundu la kwanza. Ikawaka. Kwa hiyo umeme upo! Nikaingiza tundu la pili, ambapo haifai kuwaka. Ikawaka pia. Nikaenda sebuleni, soketi ya redio: matundu yote mawili yanawaka. Taa za darini hakuna hata moja inayowaka, ila kila ninapoingiza testa inaniangazia kama inanicheka.

Fundi yeyote hapo amekwisha kujua. Umeme huja kwa waya mwekundu, unafanya kazi, unarudi kwa mweusi. Ukikatika huo wa kurudi, umeme unafika mpaka kwenye balbu, unavuka, unasimama upande wa pili hauna njia ya kwenda. Uko, lakini hauwezi kufanya kazi. Na kama nyumba nzima iko hivyo, basi waya mweusi umekatika mahali pamoja tu, karibu na swichi kubwa, kabla haujagawanyika. Kukata, kuunga, kufunga. Ni kazi ya muda wa kunywa chai.

Nikasema, "Mama, ubaya uko kwenye swichi. Chumbani."

Mama akatikisa kichwa. Hata mimi, baada ya kusema, nilijua nimevuka mpaka.

Kwa watu wetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata sebuleni anakaa karibu na mlango. Kuona mahali mama wa mke wako analala, wazee waliita thahu, uchafu unaoweza kuwafuata mpaka watoto. Mimi nilikuwa Mkristo, nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, na mama mwenyewe alikuwa wa umoja wa akina mama. Nilidhani hayo tumeyaacha mtoni siku tuliyobatizwa.

"Haiwezekani," mama akasema.

"Mama, vifaranga wanakufa."

"Nawaona. Lakini haiwezekani. Niambie kitu cha kufanya, nitafanya mwenyewe."

"Basi aingie binti yako. Yeye si mkwe. Nitamwelekeza nikiwa hapa."

"Huyo akae na vifaranga."

Nikamtazama mke wangu, naye akaniangalia na kuinua mabega. Hebu niambie, desturi gani hiyo inayomkataza binti chumba cha mama yake? Hakuna! Nilianza kuchemka. Nilisema labda mama amezeeka, labda ni kiburi tu, labda ameshika ukaidi wa marehemu pamoja na swichi yake. Mke wangu akanikata kwa jicho. "Usimpigie mama kelele," akasema. Nikasema sijapiga kelele. Nilikuwa nimepiga.

Basi tukaanza ule upuuzi. Mimi nimesimama sebuleni, nimegeuzia mgongo mlango wa chumbani kwa heshima, na mama yuko ndani amefunga pazia.

"Mama, chini ya sanduku kuna nyaya zinatoka?"

"Ziko."

"Kuna mweusi?"

"Uko."

"Uko sawa?"

"Uko sawa kabisa."

"Umekatika mahali?"

"Haujakatika."

"Umeufuata kwa macho mpaka unapoingia ukutani?"

"Siuoni vizuri. Umefunikwa na magazeti."

"Sasa unajuaje haujakatika, mama?"

"Kwa sababu magazeti nilibandika mimi mwenyewe, wakati wa Krismasi. Nilipokuwa nabandika ulikuwa mzima."

Ngai! Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Kila nyumba ya mbao kule kwetu hubandikwa magazeti ndani kuzuia upepo. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, unapaka ukutani, unabandika. Mwaka ukiisha unabandika mengine juu yake, mpaka ukuta unakuwa mnene na unaweza kusoma habari za zamani ukiwa umelala. Jirani wa kwetu Nyeri alikuwa akiwageuza watoto wake kwa ukuta wajue kusoma. Sina ubaya na magazeti. Lakini huyu mama alikuwa amepaka uji wa ngano juu ya nyaya za umeme, tabaka kwa tabaka, kila Krismasi tangu ziwekwe.

"Mama," nikasema polepole, "huko ndani kuna panya?"

"Panya hawakosi."

"Unawasikia wakitafuna?"

"Kila siku. Lakini hawana ubaya, wanakula ule unga tu."

Wanakula ule unga tu! Panya hajui unga unaishia wapi na waya unaanzia wapi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba nyumba ingeweza kuungua na yeye ndani yake. Nilimwambia aniruhusu niingie nimefunga macho kwa kitambaa, binti yake aniongoze kwa mkono mpaka kwenye sanduku, na nifungue jicho moja tu. Nilikuwa tayari hata kwa hilo, mtu mzima, fundi, baba wa watoto.

"Haraka haraka haina baraka, mkwe," akanijibu kutoka nyuma ya pazia.

Wakati huohuo mke wangu akatoka stoo, ameshika kifaranga kwenye kiganja, shingo imelegea. Alikiweka kwenye karai pamoja na wengine, akafunika, akarudi ndani. Nilimchukia mama mkwe wangu saa ile. Nasema kweli. Nilimchukia, na nikachukia marehemu, na nikachukia wale wazee wote waliokaa chini ya jua wakatunga sheria za vyumba kabla hawajaona soketi.

Nikatoka nje kwa hasira, kwenye mvua ileile. Nilikuwa naenda zangu, sijui wapi, labda nikasimame tu kwenye kahawa nitukane miti. Nikazunguka nyumba upande wa chini, na hapo nikaona ule waya mnene kutoka kwenye nguzo unavyoingia kwenye kona, nje ya chumba cha mama. Nikasimama. Ukuta ulikuwa wa mbao. Mbao zimepigwa misumari kutoka nje. Na mimi niko nje.

Nilicheka peke yangu. Nikachukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye kuni, nikaliingiza chini ya ubao wa karibu na kona, nikakaza. Msumari wa miaka yote ile ulilia mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

"Unafanya nini?" Sauti ya mama ilitoka ndani, kali, karibu kabisa na ukuta. "Unabomoa nyumba ya mzee!"

"Siingii, mama! Niko nje! Miguu yangu iko kwenye viazi vyako!"

"Acha!"

"Zima swichi kwanza, mama, chukua mwiko uzime. Halafu nitukane vile unataka."

Nilisikia miguu yake, halafu ile puu ya swichi. Nikang'oa ubao. Ukaanguka kwenye majani, na mara panya wawili wakatoka mbio wakapita juu ya kiatu changu. Nikapiga kelele kama msichana, nasema ukweli. Kiota chao kilikuwa hapo katikati ya nguzo za ukuta, manyoya, vipande vya habari, na makoko ya uji mkavu. Na nyaya mbili zinapita hapohapo, zimegandana na karatasi. Mwekundu ulikuwa umetafunwa ngozi lakini haujafika kwenye shaba. Mweusi ulikuwa umekatika kabisa, ncha mbili zinatazamana. Nikagusa kwa testa kuhakikisha mama amezima kweli. Alikuwa amezima.

Ncha moja ilikuwa imeshikwa na tabaka la magazeti upande wa ndani. Haikufika mkononi.

"Mama, itabidi nipasue gazeti kidogo."

"Usipasue."

"Kidogo tu. Kiasi cha mkono."

"Nimesema usipasue, mkwe. Tafadhali."

Hiyo tafadhali haikuwa ya hasira, na mimi, kwa vile nilikuwa na hasira ya kututosha wote wawili, sikuisikiliza. Niliwasikia vifaranga tu. Nikaweka kidole, nikavuta, na magazeti ya Krismasi zote zile yakachanika kwa pamoja, kipande kikubwa kuliko nilivyotaka. Mwanga wa nje ukapita juu ya bega langu ukaanguka sakafuni mle ndani.

Kitanda hakikuwako.

Kwenye mbao za sakafu kulikuwa na alama nne, mahali miguu ya kitanda ilipokuwa, safi kuliko sakafu yote. Kwenye kona palikuwa na majani makavu yamefunikwa na magunia ya kahawa, blanketi moja jepesi, na koti la mvua la marehemu limekunjwa liwe mto. Mama alikuwa amesimama kati yangu na ile kona, ameshika sketi yake pande mbili na kuitandaza apate kunizuia nisione. Alikuwa mdogo mno. Hakuweza kuzuia kitu.

Tukatazamana kupitia lile tundu. Sijawahi kumtazama mama mkwe wangu usoni karibu vile, wala kabla ya hapo wala baadaye.

"Chakula chao ni kingi," akasema kwa sauti ya chini, ili binti yake asisikie. "Wanakula kama watu wa harusi. Pesa za ng'ombe ziliisha, nikauza kitanda, na godoro. Wakianza kutaga nitanunua kingine." Halafu akasema, "Usimwambie huyo. Atamwambia wa Sagana."

Hasira haikuniondoka. Ilibaki palepale, ila sasa sikujua nimpe nani. Nilifikiria baridi ya mle ndani, na magoti yake. Nilimfikiria yule bwana wa Sagana, akicheka nyuma ya kaunta. Nilitaka kumfokea mama pia: kwa nini hukusema, si tuna blanketi? Lakini nilijua kwa nini hakusema. Mke wangu akijua, angelia, na jioni hiyo hiyo angemfungia mama mzigo wake. Angefanya hivyo kwa upendo, na mama angekuwa amekwisha.

"Kitanda gani, mama?" nikamwambia. "Mimi naangalia waya."

Aliachia sketi. Nikainamisha macho kwenye zile ncha mbili, nikazimenya kwa kisu. Ncha ya ndani bado ilikuwa fupi. Nikasikia anasogea. Mkono wake, umepasukapasuka kwa kazi, ukaja kwenye tundu, ukashika ule waya ambao hakuwahi kuthubutu kuugusa maisha yake yote, akausukuma kwangu.

"Ni huu?"

"Ndiyo huo. Shikilia hivyohivyo."

Alishikilia. Nikaunga, nikakaza kwenye kiungio, nikazungusha tepe, na ule mwekundu pia nikauzungushia tepe mahali ulipotafunwa. Halafu nikamwambia awashe. Puu. Na kutoka stoo mke wangu akapiga kelele, "Imewaka! Imewaka, imewaka!"

Nilirudisha ubao na kupiga misumari kwa fujo, mingi kuliko iliyohitajika. Nilipoingia stoo, balbu ilikuwa inawaka juu ya boksi, na wale waliobaki, na walikuwa wengi, walikuwa wameanza kuachana. Kile kilio kikali kilikuwa kimepungua, kimebaki kile kisauti cha chini wanachotoa wakipata joto. Mke wangu alikuwa amejipaka masizi uso mzima na anatabasamu. Nilifurahi, ila nilishindwa kutabasamu.

Tulikunywa chai sebuleni, mimi nimekaa karibu na mlango kama inavyopasa. Mama akaenda jikoni kuongeza maji. Mke wangu akaniinamia.

"Kaka aliniagiza niangalie chumba cha mama, nimwambie kama bado anajiweza. Mama hataki niingie. Wewe umetoboa ukuta, lazima umeona. Kukoje ndani?"

Nikanyanyua kikombe, nikanywa mpaka mwisho.

"Mimi ni mkwe," nikamwambia. "Nitaangaliaje chumba cha mama mkwe?"